Njozi Darasani

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, swali moja lilinifuata kila mwaka, mara kutoka kwa wazazi, mara kutoka kwa walimu wenzangu: kwa nini tuwasomeshe vijana vitabu vya mambo yasiyokuwapo? Wengine waliuliza kwa upole, wakisema kijana wa nchi maskini apewe vitabu vya kilimo, afya na maisha ya kweli. Wengine waliuliza kwa ukali, wakiona kwamba majini, wachawi na nchi zinazoelea hewani ni mambo ya kupotosha imani ya watoto. Sasa nimestaafu, na swali bado li hai. Nimeona vema, ndugu msomaji, nilijibu kwa njia ya historia, maana wengi wanaouliza hudhani kwamba riwaya za njozi ni mgeni aliyebisha hodi shuleni juzijuzi tu.

Mgeni huyo ni mwenyeji. Kiswahili kilipokuwa kikiandaliwa kuwa lugha ya shule chini ya Waingereza, vitabu vya kusoma vilikuwa haba, na njia ya haraka ilikuwa kutafsiri. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotoka mwaka 1929, na Safari za Gulliver, kilichotoka mwaka 1932. Yeye na Edwin Brenn walitupatia pia hekaya za Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili. Mwaka 1940 akaja Elisi katika Nchi ya Ajabu. Kwa hiyo vizazi vya mwanzo vya wasomaji wa Kiswahili sanifu vilifunzwa kusoma kwa majini, majitu, vibete na sungura mwenye saa.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa vitabu hivyo. Mashimo ya Mfalme Sulemani kilichokuwa nyumbani kwetu kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwisho, na yule ajuza Gagula alinitia hofu kuliko fisi waliokuwa wakilia nyuma ya boma. Baadaye, nilipokua, niliona pia jinsi kitabu kile kinavyompa Mzungu ushujaa na kumwachia Mwafrika kazi ya kustaajabu. Hilo nalo ni somo. Njozi si kitu kitakatifu. Kila njozi ina mtu aliyeiota, na ina mtu inayemtumikia.

Mwaka 1951 njozi ilibadili mikono. Shaaban Robert, karani katika serikali ya kikoloni, alichapisha Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Humo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na kwa siku sita anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia mikasa ya wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Wajumbe hao walirudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, na ujira wao ukawa kifungo. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani na Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Anayeijua Alfu Lela Ulela ataitambua mara moja hekaya ya liwali wa Basra na mbwa wake wawili. Shaaban aliichukua mali hiyo ya kale, akaishona upya iwatoshe watu wake.

Hebu tufikiri: karani yule angeiandikaje habari ya Karama kwa uhalisia? Angeitaja Tanganyika, angemtaja gavana, angelitaja baraza na wajumbe wake? Sidhani kama angempata mchapishaji, na sidhani kama angebaki na kazi. Mwaka 1953 serikali ile iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, watu wengi wenye elimu walilazimika kuitazama kwa mbali. Lakini nchi iliyo angani haikuwa na gavana wa kuudhika. Mwenye masikio alisikia.

Baada ya uhuru upepo uligeuka. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa kumwandaa kijana kwa maisha ya kijijini na ujenzi wa taifa. Katika miaka ya 1970 wahakiki wengi walitaka riwaya ionyeshe shamba, kiwanda na migongano ya matabaka. Shaaban alilaumiwa kwa udhanifu, yaani kwa kuamini kwamba mtawala mbaya hugeuzwa na maneno mazuri. Lawama hiyo ina uzito wake. Karama anashinda kwa hotuba, na sisi tulioishi tumeona hotuba nyingi zisizoshinda kitu.

Hata hivyo, uhalisia nao haukupokewa kwa amani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya isiyo na jini hata mmoja, yenye msichana, baba mkali, shule na mji kama tunavyoijua. Hiyo ndiyo iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa kuwa ilisema waziwazi yanayowapata mabinti. Nasi tuliokuwa tukidai vitabu vya maisha ya kweli tuliyaogopa maisha ya kweli yalipoletwa. Kezilahabi huyohuyo alikuja kuandika Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, vitabu ambamo msomaji hajui kama yumo katika ndoto au kaburini.

Hakuwa peke yake. Nchini Kenya, Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, aliandika Walenisi mwaka 1995, akampeleka mhusika wake Dzombo katika nchi ya mbali ambayo jina lake, ukilikata vipande, linasema "wale ni sisi". Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, akamfufua babu aliyekufa ili amwonyeshe mjukuu wake mwenye cheo jinsi nchi ilivyoliwa. Ukiwapanga waandishi hawa kwa miaka utaona kwamba wengi wao walikimbilia njozi pale maneno ya wazi yalipokuwa na gharama, au yalipokuwa yamechakaa kwa kutumiwa na kila mnafiki. Kijana asiyefundishwa kusoma njozi hawezi kusoma waliyoyasema wakubwa wake walipokuwa wamezibwa midomo. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuzitetea.

Nisiikwepe hoja ya wazazi wakali, kwa sababu si ya kipuuzi. Katika nchi yetu uchawi haujawa hadithi ya kustarehesha. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa miaka ya kupika. Tangu kati ya miaka ya 2000 tumesikia habari za kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino, eti viungo vyao vinaleta utajiri. Mzazi anayesema kwamba katika nchi kama hiyo si busara kumpa mtoto kitabu cha wachawi anastahili jibu, wala asichekwe.

Jibu langu ni kitabu. Katika Kufikirika, ambacho Shaaban alikiandika katika miaka ya 1940 na ambacho kilichapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1962, mwana wa mfalme anaugua, na inadaiwa kafara ya watu wawili, mwerevu na mjinga, ili apone. Kitabu hicho kimesomwa na vijana wetu wa kidato cha tano na cha sita. Sijaona kitabu cha uraia kinacholiweka swali hilo wazi zaidi: je, damu ya mtu yaweza kuwa dawa? Mtoto atausikia uchawi, tukitaka tusitake, jikoni, kilabuni na katika simu. Darasani ndipo mahali pa pekee ambapo anaweza kuusikia huku mtu mzima akimwuliza, "Je, wewe unaonaje? Nani anafaidika na imani hii? Nani anakufa?"

Lakini haya yanategemea namna ya kufundisha, na hapa nina malalamiko. Mtihani umetufunza kuziua njozi kabla hazijapumua. Mwanafunzi anaambiwa siku ya kwanza kwamba Kusadikika ni Tanganyika, Majivuno ni mkoloni, na Karama ni mwananchi mwenye mwamko. Anaandika daftarini, anakariri dhamira tano, basi. Nimesahihisha insha nyingi zilizojaa majibu hayo, na waandishi wake hawakuwahi kuifikiria ile nchi hata kidogo.

Mwaka mmoja nilisoma sura za mwanzo kwa sauti bila kueleza chochote. Kijana wa nyuma, aliyekuwa mkimya, akauliza: "Mwalimu, nchi ikiwa angani, watu wake wanalima wapi?" Wenzake wakacheka. Msichana mmoja hakucheka, akasema, "Basi kuna watu chini wanaowalimia." Kipindi chote kikaishia hapo, katika ubishi juu ya nani analima na nani anakula. Sikuwa nimetaja matabaka wala ukoloni. Walifika wenyewe, kwa kuwa waliachwa waiamini nchi ile kwanza, kisha wakaihoji.

Kwa hiyo nasema zifundishwe, na zianze mapema, pamoja na mazimwi na sungura wa bibi zetu, ambao hakuna mzazi aliyewahi kuniandikia barua kuwalalamikia. Mwalimu asome hadithi nzima kabla ya kuitafuna. Awaulize wanafunzi wanachokiamini nyumbani, bila dhihaka. Na watunga mitihani waache nafasi ya swali moja lisilo na jibu lililokaririwa. Wengi wa vijana hawa hawatagusa riwaya nyingine baada ya kidato cha nne. Watakwenda kupiga kura, kukaa katika mabaraza ya kata, kusikiliza ahadi za nchi nzuri zisizokuwapo. Wakiwa wamewahi kuihoji nchi moja iliyo angani, huenda wakajua pa kuanzia kuuliza.