Wafugaji wa Wallonie na mapatano ya Canada

Nchi zinapopatana juu ya biashara, mkulima huketi mbali na meza. Lakini Ubelgiji ina desturi yake: tangu 1993, mapatano yanayogusa kazi za majimbo yahitaji kibali cha mabunge ya majimbo hayo.

Basi, tarehe 14 Oktoba 2016, bunge la Wallonie, kule Namur, lilikataa mapatano ya Ulaya na Canada. Wafugaji waliogopa nyama ya ng'ombe ya ng'ambo, isije ikashusha bei ya nyama yao. Watu milioni 3.6 wakasimamisha Ulaya nzima! Waziri wa biashara wa Canada aliondoka Namur nusura alie. Wengi waliwaita wakaidi. Mimi siwaiti hivyo, kwani bunge lao lilikwisha kuonya mwezi wa Aprili, wala hawakusikilizwa.

Tarehe 27 Oktoba walipatana na serikali yao: soko la mazao likiharibika, Ubelgiji itaomba kinga, hata kama ni zao moja tu lililodhurika. Siku tatu baadaye sahihi zikatiwa. Katika mapatano yenyewe haikubadilishwa hata herufi moja. Ahadi ya wafugaji iliandikwa kando.