Kengele ya Asubuhi

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelianza mara nyingi, na mara nyingi tumeliacha. Nalo ni kusoma Neno la Mungu na kuomba kila siku.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa katika chuo cha theolojia, kengele ililia kila siku asubuhi na jioni, nasi tukaenda kusali pamoja. Nilijiona kuwa mtu wa maombi kweli kweli. Kisha nikatumwa katika parishi yangu ya kwanza, yenye makanisa saba na baiskeli moja. Huko hapakuwa na kengele ya kuniita. Juma la kwanza nilisali. Juma la tatu nilisali nilipokumbuka. Krismasi ilipokaribia, nilikuwa nikifungua Biblia kwa ajili ya kutafuta mahubiri tu. Siku moja mzee wa kanisa, mmoja wa ndugu wa Uamsho, aliniuliza tukiwa njiani: “Mchungaji, wewe watulisha sisi kila Jumapili. Je, wewe mwenyewe wala wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Usiku ule nilikichukua Kitabu cha Sala, ambacho nilikuwa nimekizoea hata nisikione tena. Nikaanza kujiuliza: Ni nani aliyezipanga Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni namna hii, na kwa sababu gani? Sikilizeni basi habari yake.

Tangu zamani watu wa Mungu walikuwa na saa zao za kuomba. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yake yakielekea Yerusalemu, wala hakuacha hata amri ya mfalme ilipomkataza. Katika karne ya 6, huko Italia, Benedikto aliwaandikia watawa wake utaratibu wa kusali mara saba mchana na mara moja usiku, na Zaburi zote 150 zimalizike kwa juma moja. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa watu walioishi pamoja ndani ya ukuta mmoja. Lakini mkulima mwenye jembe, au mama mwenye mtoto mgongoni, angewezaje kuufuata?

Miaka ilivyopita mambo yakazidi kuwa mazito. Sala zilikuwa kwa Kilatini, lugha ambayo watu wa kawaida hawakuielewa. Sikukuu nyingi na nyongeza nyingi zilikatiza masomo ya Biblia, hata kitabu kikaanzwa kusomwa kisimalizwe. Thomas Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1533, alilalamika kwamba mara nyingi ilikuwa kazi kubwa zaidi kutafuta lile la kusomwa kuliko kulisoma.

Huyo Cranmer ndiye aliyeongoza kazi ya kutengeneza Kitabu cha Sala kilichoanza kutumika Uingereza siku ya Pentekoste, tarehe 9 Juni, 1549. Alizichukua zile saa nyingi za watawa akazifanya mbili tu: asubuhi na jioni. Akaziweka katika lugha ya watu. Zaburi, zilizokuwa zikisomwa kwa juma moja, akazigawa katika mafungu 60, ili ziishe kwa siku 30. Agano la Kale, karibu lote, lilisomwa mara moja kwa mwaka. Agano Jipya, isipokuwa Ufunuo, lilisomwa mara tatu. Na katika kitabu cha pili, cha mwaka 1552, mchungaji aliagizwa agonge kengele kabla ya kuanza, ili mtu yeyote mwenye nia aje kusikia Neno na kuomba pamoja naye.

Iangalieni hekima hiyo. Cranmer hakuwatwika watu mzigo wa watawa kisha akawalaumu kwa kushindwa kuubeba. Alipunguza mzigo ili ubebeke kila siku. Sisi hufanya kinyume. Mwaka mpya ukifika twaahidi sura kumi kwa siku na saa nzima ya maombi. Kabla hatujakimaliza kitabu cha Mambo ya Walawi tumechoka, na Biblia imerudi rafuni. Tatizo la wengi wetu si kwamba hatumpendi Mungu, bali tumejipangia kazi ya watawa katika nyumba yenye ng'ombe wa kukamua na watoto wa kupeleka shule.

Lakini habari ya Cranmer haikuishia hapo. Malkia Mary alipotawala mwaka 1553, Cranmer alitiwa gerezani. Mwezi Oktoba 1555 wenzake wawili, Latimer na Ridley, walichomwa moto huko Oxford. Naye, baada ya kukaa kifungoni muda mrefu, alivunjika moyo, akatia sahihi karatasi kadhaa za kuikana imani aliyoifundisha. Naam, mtu yule yule aliyewapangia wengine sala za kila siku alianguka! Tarehe 21 Machi, 1556, aliletwa kanisani ili akiri mbele ya watu kwamba ameikana. Badala yake alisema kwamba anazikana zile karatasi. Akapelekwa motoni, akautanguliza katika ndimi za moto mkono wa kuume uliotia sahihi.

Sala za kila siku hazikumfanya Cranmer kuwa mtu asiyeanguka, wala hazitatufanya sisi hivyo. Lakini mtu aliyeizoea njia ya kumwendea Mungu hupajua pa kurudi. Na hapo pana faraja kwetu katika ule mpango wa Zaburi. Kila fungu lina siku yake ya mwezi. Ukiikosa siku ya 12, huambiwi ulipe deni la jana kwanza. Siku ya 13 ina Zaburi zake, nazo zakungojea.

Basi, ndugu yangu, dada yangu, anza kidogo. Chagua saa moja ambayo waweza kuishika, labda kabla ya kuwasha moto wa chai, au baada ya watoto kulala. Chagua mahali pamoja, hata kama ni kigoda kilicho nyuma ya nyumba. Soma fungu fupi katika Injili ya Marko na Zaburi moja, katika lugha unayoiota. Sema na Mungu kwa maneno machache ya kweli, kisha nyamaza kidogo umsikilize. Dakika kumi zatosha kwa kuanzia. Ukiwa na jamaa nyumbani, waite. Na ukianguka siku tatu, usingoje mwaka mpya. Rudi siku ya nne.

Mimi nilirudi. Sikuwa na kengele, kwa hiyo nikafanya jogoo wa jirani kuwa kengele yangu. Siku nyingine nimemsikia nikajifunika blanketi, na kesho yake nimeamka tena. Yule mzee alipokuja kunitembelea baada ya miezi michache, hakuuliza neno. Aliiona Biblia iliyofunguliwa juu ya meza, akatabasamu, akaomba chai.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeamka alfajiri na mapema ukaenda mahali pasipo watu kuomba, utuite nasi kila asubuhi. Utusamehe siku tulizokosa, utupe leo nguvu ya kuanza tena. Kwa jina lako tunaomba. Amina.