Mwamba Unaovuma Kama Debe

Kabla hajajipenyeza chini ya dari la mwamba, mchimbaji huligonga kwa mtarimbo na kutega sikio. Jiwe zima hulia kwa ukali. Lililobanduka huvuma kama debe tupu. Huu ni ukaguzi wa nyufa usioharibu kitu, na ulikuwapo migodini kabla Kamituga haijawa mji.

Kamituga, katika eneo la Mwenga, mashariki mwa Kongo, kilomita zipatazo 180 kutoka Bukavu, ilikuzwa na dhahabu. Kampuni ya Minière des Grands Lacs iliichimba enzi za Wabelgiji. Mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 Rais Mobutu aliwaruhusu raia kuchimba, na SOMINKI ilipovunjwa mwaka 1997, usalama ukabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo: PDG mwenye shimo, na boiseur anayezuia kuta kwa magogo. Juu, mama twangaises hutwanga mawe.

Sikio lao lashika nyufa ngapi katika kumi? Swali halijibiki shimoni, kwa kuwa ufa uliopitwa humzika shahidi wake. Tarehe 11 Septemba 2020 mashimo ya Detroit, hapo Kamituga, yaliporomoka baada ya mvua kubwa. Watu wapatao 50 walihofiwa kufa.

Wenye ndege walilazimika kulijibu swali hilo la nyufa zinazopitwa. Desemba 1969 ndege ya kivita F-111 iling'oka bawa huko Nevada, Marekani, marubani wawili wakafa. Ufa ndani ya chuma ulikuwa umewaponyoka wakaguzi kiwandani. Katika miaka ya 1970 jeshi la anga likazungusha vipande vyenye nyufa zinazojulikana kambi kwa kambi, likihesabu mafundi waliziona ngapi. Matokeo yaliaibisha: hata nyufa ndefu zilipitwa.

Lakini kutengeneza mamia ya vipande vyenye nyufa ni ghali mno. Ndipo, hasa tangu miaka ya 2000, kompyuta zikaingia: programu hukokotoa jinsi mawimbi ya sauti yanavyorudi kutoka kwenye ufa, kisha hubadilisha kina, mwinamo na mkao wa kifaa cha kupimia mara maelfu, hadi ipatikane nafasi ya ufa wa urefu fulani kuonekana.

Chuma cha ndege, hata hivyo, hujulikana tangu kilipoyeyushwa. Mwamba wa Kamituga hubadilika kila hatua, na mvua huulainisha. Uchovu wa mkaguzi nao ni mgumu kukokotolewa, hivyo mafundi halisi bado huitwa kujaribiwa.