Kabla ya Sabufa: Bonde la Kilombero Lilivyouchagua Muziki wa Nyumbani

Wadau wa burudani, ukipita Kibaoni au Viwanja Sitini pale Ifakara jioni ya mwezi wa saba, mpunga umeshauzwa na mifuko imetulia, huna haja ya kuuliza vijana wamepeleka wapi hela. Utaisikia. Geto hili linapiga singeli, la jirani linajibu kwa amapiano, na bati zinatetemeka katikati. Kijana hana hata kitanda, godoro lipo chini na nguo zipo kwenye begi, lakini sabufa na vispika vyake viwili vidogo vipo juu ya meza, tena vimefunikwa kitambaa.

Wazee wanasema hiyo ni hela kupotea bure. Ila ukiifuatilia stori hii toka mwanzo, utakuta na wao walifanya vilevile. Kila kizazi cha bonde hili kilipopata hela ya kwanza kilinunua sauti. Na kila kizazi kilitazama jambo moja kabla ya yote: umeme wa kuiendesha utatoka wapi?

Enzi ya betri

Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Shida ilikuwa redio za wakati ule. Zilikuwa za valvu, nzito kama sanduku na zinakula umeme mwingi. Mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa, Marekani waliingiza sokoni redio ya kwanza ya transista. Hiyo ilitaka betri ndogo tu. Kwa mtu wa Kilombero, ambako masika maji yanafunga njia na hakuna nguzo ya umeme hata ya kuchora, hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikajenga kiwanda Dar es Salaam, ikatengeneza redio na betri za National hapahapa nchini. Mkulima akiuza mpunga, alirudi na redio ya mkulima kweli.

Betri nazo zilikuwa na adabu yake. Zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo. Wengine walipanga betri kuukuu nyingi ndani ya kipande cha mwanzi, wakaunga waya, ili wasogeze siku mbili tatu mbele. Mchana redio inazimwa, betri zinatunzwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hapo uani panajaa. Kuna aliyefuata mpira, aliyefuata salamu, na aliyekaa kimya akisubiri matangazo ya vifo, kwa sababu habari ya msiba wa ndugu aliye mbali ilipita humo humo. Redio ilikuwa ya mtu mmoja, masikio yalikuwa ya mtaa mzima.

Umeme uliopita juu ya vichwa

Mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza, na baada ya miaka mitano njia ilikuwa imekamilika kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Mang'ula, Ifakara na Mlimba zikapata stesheni. Mwaka 1975 bwawa la Kidatu likaanza kufua umeme, na lilipokamilika likawa na uwezo wa megawati 204.

Sasa cheki maajabu. Kidatu hadi Ifakara kwa barabara hazifiki kilomita 70. Lakini nyaya kubwa ziliondoka bwawani kuelekea Morogoro na Dar es Salaam, na vijiji vingi vya bonde vikabaki na kibatari na betri kwa miaka mingi. Umeme ulizaliwa nyumbani ukaenda kufanya kazi mjini, kama kijana yeyote wa pale.

Wenye mshahara wa kila mwezi, watu wa kiwanda cha sukari, wa reli na wa hospitali, ndio waliokuwa na ujanja wa kufikiria kitu kikubwa zaidi: santuri au kinasa sauti. Morogoro ilikuwa na mastaa wake, Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe. Lakini hata santuri ya bendi ya Morogoro ilibidi ichapwe Nairobi. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, kisha ikaja vita ya Kagera na fedha za kigeni kukauka, vitu vya dukani vikawa hadithi. Redio ikiharibika, tumaini ni fundi na chuma chake cha kulehemu.

Kuanzia mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na chini ya Mzee Ruksa mambo yakafunguka. Redio kaseti zikamiminika, nyingi kupitia Dubai. Kaseti yenyewe Philips waliitambulisha mwaka 1963, ila huku ndiyo kwanza ikawa mali ya mtu wa kawaida. Ile ya kaseti mbili ilikuwa biashara kabisa: unarekodi kanda, unauza. Kwa mara ya kwanza mtu aliamua mwenyewe asikie nini na saa ngapi, badala ya kungoja redio impangie.

Kasha dogo, besi kubwa

Turudi mwaka 1954. Mwaka huohuo, Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika iliyobadili mchezo. Zamani ukitaka besi nzito ulihitaji kasha kubwa kama kabati. Yeye aliziba kasha dogo lisipitishe hewa, na hewa iliyofungiwa ndani ikawa kama springi inayorudisha koni mahali pake. Besi ikatoka kwenye kitu kinachokaa juu ya rafu.

Sabufa inatumia hesabu ya jirani yake. Spika ndogo inaimba vizuri sauti za juu na za kati, lakini besi inataka kusukuma hewa nyingi. Basi besi inapewa kasha lake moja, na vispika viwili vinabaki na sauti na vyombo. Besi nzito sana sikio halijui imetokea upande gani, ndiyo maana kasha linaweza kukaa hata chini ya meza na bado ukaona mwimbaji yuko mbele yako.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007 na nguzo zikaanza kuingia vijijini, sabufa za bei nafuu kutoka China zilikuwa njiani. Flashi ikachukua nafasi ya kanda. Nyingi zina sehemu ya kuunga volti 12 nyuma, kwa hiyo hata shambani sola na betri ya gari vinatosha. Watu wa ng'ambo, Lupiro na Mahenge, walivusha mizigo kwa kivuko mpaka daraja la mita 384 lilipofunguliwa.

Anayenunua ya kwanza afanyeje?

Afanye kama wa enzi ya betri: aanze na umeme. Kama anategemea sola, aulize kama ina volti 12 kabla ya kuuliza rangi. Kama umeme wa kwake unapanda na kushuka, atenge hela ya kifaa cha kulinda.

Pili, asitishwe na namba za mbele. Kasha linaandikwa PMPO wati 10,000, geuza nyuma unakuta linakula wati 60. Hakuna mashine inayotoa mfululizo zaidi ya inachokula.

Tatu, apime chumba. Futi kumi kwa kumi hazihitaji sabufa ya ukumbi. Kasha likibanwa kwenye kona besi inavimba na kumeza maneno. Lisogeze kidogo, utashangaa. Na dukani ajaribu kwa wimbo anaoujua, kwa sauti ya chini. Sabufa mbovu hujificha kwenye kelele.

Nne, mbegu na kodi ya shamba vitoke kwanza. Sabufa hailimi.

Wazee wana hoja moja tu isiyopingika. Zamani jirani alisogea ili asikie. Leo jirani anafunga dirisha ili asisikie, na huenda ana mgonjwa ndani au mtoto wa darasa la saba anayesoma. Chombo kimekuwa kizuri kuliko vyote vilivyopita bondeni, ila heshima ya ile redio ya uani haikuja na risiti. Hiyo mwenye sabufa anaiongeza mwenyewe, kwa kidole kimoja kwenye kitufe cha sauti.

Je, kwenu kilianza kipi: redio ya mkulima, kaseti mbili au sabufa? Na hela yake ilitoka wapi? Dondosha koment hapo chini.