Meno ya Kahawia Chini ya Mlima Meru: Maana ya Neno Florosisi

Mtu aliyezaliwa na kukulia Maji ya Chai, Usa River, Ngaramtoni au Oldonyosambu hana haja ya kutaja kwao afikapo Dar es Salaam au Tanga, kwa kuwa akicheka mara moja tu wenyeji wake hukisia, na aghalabu hukisia sawa, ya kwamba huyu ametoka pande za Arusha, chini ya Mlima Meru. Kinachomtangaza ni meno yake: kwa mmoja ni mistari myembamba ya weupe wa chokaa iliyokatiza jino toka upande hadi upande, kwa mwingine ni umanjano, na kwa wa tatu ni kahawia iliyokolea, ambayo pengine huandamana na vishimo vidogo mahali ambapo uso wa jino umemeguka. Wako waliojizoeza tangu utotoni kucheka na kiganja mdomoni, na siku wapatapo fedha kidogo, swali la kwanza wampelekealo tabibu wa meno ni kama meno hayo yaweza kung'arishwa yakawa meupe. Swali hilo ni la haki, ila jibu lake halieleweki vema mpaka lieleweke kwanza neno ambalo tabibu hana budi kulitumia katika kujibu, nalo ni florosisi.

Asili ya neno hili ni ya mbali. Zamani wayeyusha madini wa Ulaya walikuwa wakitia jiwe la namna fulani katika tanuri ili madini yalainike na kutiririka upesi, na jiwe hilo likapewa jina kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutiririka. Wanakemia walipokuja kuipambanua elementi iliyofichika ndani yake wakaiita florini, na chumvi zake zikaitwa floridi. Kiambishi cha mwisho, -osisi, ni cha Kiyunani, na katika lugha ya utabibu huonyesha hali isiyo ya kawaida mwilini. Florosisi, basi, ni hali impatayo mtu kwa sababu ya floridi kumzidi, nayo yaweza kuwa ya meno, yaweza kuwa ya mifupa, kama ilivyodhihiri kwa baadhi ya watoto wa vijiji vya Arumeru ambao miguu yao ilipinda. Mimi naandika floridi kwa kufuata kloridi na oksidi, ambazo vitabu vyetu vya sayansi vimekwisha kuzizoea, ingawa katika soko la Kilombero, Arusha, utasikia floraidi, na mwenye kusema hivyo hakukosa.

Ugumu unaanza tunapotaka kumfafanulia neno hili mama aliyempakata mtoto kliniki, ambaye Kilatini na Kiyunani havimhusu. Watu husema meno ya kahawia, na jina hilo ni la kweli kwa macho, lakini huwaacha nje wale ambao meno yao yana weupe wa chokaa tu, nao ni wagonjwa wa ugonjwa ule ule. Wengine huandika madoa ya meno, na hapa ndipo nipingapo. Doa ni kitu kilichotoka nje kikakishika kitu kingine: doa la chai katika kanzu, doa la wino katika karatasi, na kila kilichotoka nje, akili humwambia mtu, chaweza kusuguliwa kikatoka. Ndivyo ulivyo ukoga, ule utando wa manjano ambao hujishikiza penye ufizi na ambao tabibu huukwangua akauondoa. Aliyeambiwa ana madoa hawezi kulaumiwa akinunua unga wa mkaa, akachanganya ndimu na chumvi, au akasugua kwa majivu asubuhi na jioni, hata akaumaliza uso wa jino bila ya kuupunguza ukahawia. Neno la pwani lililo karibu zaidi na haki ni ila, kwa maana ile ya kale ya dosari iliyomo katika kitu chenyewe, kama wasemavyo watu kwamba mnyama huyu ana ila au mtu yule hana ila. Kwa vitabu na kwa matabibu florosisi ibaki, maana inawaunganisha na wenzao wa dunia nzima. Kwa maelezo ya mdomo, ila ya floridi katika meno husema ukweli ambao doa huuficha.

Ukweli wenyewe ni huu. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kuumbwa ndani ya taya mtoto akiwa angali ananyonya, na kazi ya kuyavika enameli, lile tabaka la nje lililo gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, huendelea kwa miaka kadhaa, hata kwa meno yote ghairi ya magego ya mwisho ikawa imekamilika umri wa miaka minane hivi. Seli ziijengazo enameli hutandika kwanza protini, kisha huiondoa protini ile kidogo kidogo huku fuwele za kalsiamu na fosfeti zikikua na kujaza nafasi. Floridi ikizidi katika mwili wa mtoto wakati huo, kuondoka kwa protini huchelewa, na enameli hutoka na vinyweleo vingi chini ya uso wake. Jino la namna hiyo huchomoza likiwa na weupe wa chokaa. Ukahawia huja baadaye, rangi za vyakula na vinywaji zipenyapo na kutuama ndani ya vinyweleo. Kwa hiyo mtu mzima aliyehamia Arusha akiwa na miaka thelathini haharibikiwi meno, hata akinywa maji yale yale ya jirani yake, na kwa hiyo pia meno ya utoto, ambayo sehemu yake kubwa iliumbwa kabla ya kuzaliwa, huathirika kidogo kuliko yale yanayoyafuata. Seli zile hufa jino lichomozapo, wala enameli haijijengi upya. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov, walitoa vipimo vya daraja za florosisi kuanzia 0 hadi 9, navyo vingali vikitumika.

Sababu ya maradhi haya haikujulikana zamani. Katika mwaka 1901 tabibu Frederick McKay aliingia mji wa Colorado Springs, Marekani, akawakuta wenyeji wana meno ya kahawia ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Alitafuta miaka thelathini, na katika safari hiyo aligundua, kwa mshangao wake, kwamba meno yale mabaya kwa sura hayakuwa mepesi kuoza. Mwaka 1931 ndipo mwanakemia H. V. Churchill alipopima maji akaikuta floridi. Kutokana na hayo mji wa Grand Rapids ulianza mwaka 1945 kutia floridi kidogo katika maji yake ili kuyalinda meno ya watoto, na dawa nyingi za meno tuzinunuazo dukani zina floridi kwa sababu hiyo hiyo. Kinachotenga dawa na dhara ni kadiri. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kukosa njia nyingine, iliwahi kuvumilia hata miligramu 8 katika maji ya vijijini, ikashuka hadi 4, kisha ikaufuata mpaka ule wa dunia. Mto Engare Nanyuki umepimwa ukakutwa na zaidi ya 20, na maziwa ya Momela yana mamia. Meru ni volkano, na miamba yake ni ya namna yenye magadi mengi na kalsiamu haba. Maji yapitapo ndani yake huichukua floridi, na kwa kuwa kalsiamu ya kuinasa na kuituamisha ni chache, huteremka nayo hadi visimani, yakiwa maangavu na matamu, wala ulimi haujui lolote.

Sasa turudi kwa mwenye kutaka weupe, ambaye tumemweka barazani muda mrefu. Maneno matatu husemwa kana kwamba ni moja, nayo ni mbali mbali. Kusafisha ni kuondoa ukoga na rangi za juu, za chai, kahawa, tumbaku na mirungi. Kila mtu humfaa, na wako ambao baada ya kusafishwa hugundua kwamba ukahawia waliouhesabu kuwa wa maji ulikuwa nusu wake ni wa sigara. Kupausha ni kutia peroksidi, ambayo huachilia oksijeni ndani ya jino na kuzivunja chembe zenye rangi. Kwaweza kufanywa na tabibu kwa dawa kali, au nyumbani kwa kuvaa usiku kifuniko cha plastiki kilichopimwa meno ya mwenyewe na kutiwa peroksidi ya karbamidi ya asilimia 10, njia iliyotangazwa mwaka 1989 na ambayo hata leo ni ya kuaminiwa. Kung'arisha ni jina la jumla la tamaa yenyewe, nalo halimwambii mgonjwa lipi atatendewa. Ni bora aulize.

Mwenye florosisi na afahamu mpaka wa kupausha. Peroksidi hupunguza umanjano na ukahawia mwepesi, lakini weupe wa chokaa si rangi hata uvunjwe; ni mwanga unaotawanyika ndani ya vinyweleo vilivyojaa hewa na maji, na jino lipaushwapo mabaka hayo pengine huonekana zaidi siku za mwanzo. Kwa hayo iko njia mpya zaidi, ya kufungua uso wa enameli kwa asidi ya kipimo maalumu na kupenyeza utomvu mwepesi wa plastiki, ambao hujaza vinyweleo na kuupitisha mwanga karibu sawa na enameli nzima. Aliyewahi kufungiwa maandazi katika karatasi ameona jinsi mahali palipolowa mafuta panavyoacha kuwa peupe na kuanza kupenywa na mwanga, na sababu ni hiyo hiyo. Kwa kahawia iliyokaa karibu na uso, tabibu huweza kusugua kwa asidi na unga wa jiwe, akaondoa unene wa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, kisha akapausha. Penye vishimo na kumeguka, hakuna dawa ya kupaka itakayofaa: ni kujaza, au kulivika jino gamba jembamba la kauri, ambalo gharama yake ni nzito na ambalo, likishatengenezewa nafasi kwa kupunguza jino, humfunga mtu kulibadilisha maisha yake yote. Mimi simshauri kijana wa miaka kumi na sita kukimbilia magamba kwa ajili ya ukahawia ambao kusugua kwa tabibu na kupausha kungeupunguza kwa sehemu kubwa.

Na wale wauzao njiani vichupa visivyo na anwani, vyenye ahadi ya meno meupe kwa siku tatu, nawataja kwa upesi tu: hakuna ajuaye kipimo cha kilichomo, na dawa kali isiyopimwa huunguza ufizi.

Weupe ulio rahisi kuliko wote ni wa mtoto ambaye meno yake hayajachomoza. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata ikiwa mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima kibaya, kwa hiyo hatari huingia nyumbani pamoja na uji wa kwanza. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii kitu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi hayana floridi ya kuhesabika, na familia isiyoweza kukinga ya kutosha watu wote imkingie walau mtoto. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulika miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao madini yake ni ndugu ya enameli yenyewe na huinasa floridi jinsi jino linavyoinasa. Na Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Magadi nayo, ambayo hutiwa katika makande ili mahindi na maharage yaive upesi, yaweza kuwa na floridi nyingi, na mpishi mwenye mtoto mdogo afadhali aloweke maharage yake usiku kucha. Dawa ya meno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu isizidi punje ya mchele, naye afundishwe kutema.

Ndani ya jiji la Arusha mambo yamebadilika, kwa kuwa mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta maji kutoka visima vipya, vikiwamo vya wilaya ya Hai, ambayo huchanganywa na yale ya zamani ili floridi ishuke. Meno ya mbele ya utu uzima hutoka mtoto afikapo miaka sita au saba, kwa hiyo waliozaliwa mjini baada ya maji hayo kufika nyumbani kwao wanakaribia kuyatoa, na mwalimu wa darasa la kwanza atakuwa na habari za mradi ule kabla ya mhandisi.