Kisanduku cha televisheni hapa Baraka na Fizi: kilichotupa na kilichotunyima



Siku zilizopita, mama mmoja aliyekimbia vita alinisimamisha karibu na soko la Baraka. Mgongoni alibeba mtoto, mkononi alishika mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama kitabu cha nyimbo, na remoti yake imefungwa kwa mpira. "Papa, wewe wa redio unajua vitu hivi," akaniambia. "Hiki cha televisheni ya intaneti, hapa kinaweza kuuzwa pesa ngapi?" Televisheni yenyewe aliiacha. Ilikuwa kubwa, haikubebeka. Kisanduku kiliingia mfukoni, kikaja naye.

Sikumjibu mara moja. Mimi pia nilinunua kimoja kwa mfanyabiashara aliyekitoa Bujumbura, na leo kimelala kwenye kabati. Swali la mama lilinirudisha nyuma, nikaanza kuhesabu mashine zote za picha zilizopita hapa kwetu: kila moja ilileta nini, na ilidai nini. Leo nawasimulia hesabu hiyo, kwa sababu familia nyingi hapa bado zinatoa pesa kununua visanduku hivi, na wahami wa vita wanaviuza kwa bei ya kuhurumia.

Kabla ya picha, sauti

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Lakini Kinshasa ni mbali sana na Ziwa Tanganyika. Miaka hiyo Fizi ilikuwa imetoka katika uasi wa Simba. Mwaka 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa miezi kadhaa katika milima yetu pamoja na waasi, kisha akaondoka bila ushindi. Mahali pa namna hiyo, nani angesimamisha mnara wa televisheni?

Kwa hiyo mwaka 1974, wakati Zaire ilipocheza Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, na wakati Muhammad Ali alipompiga George Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba, wazee wetu wengi walipata habari hizo kwa masikio. Redio ilikuwa mfalme. BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, na sauti za Tanzania zilivuka maji bila kuomba ruhusa kwa mtu. Baadaye, Februari 2002, ikaja Radio Okapi, ikisema Kifaransa pamoja na lugha zetu nne za taifa.

Redio ilikuwa na kasoro moja: haikuonyesha. Lakini ilikuwa na nguvu ambazo hatukuzijua mpaka tulipozikosa. Ilikula batri mbili tu. Haikudai malipo ya mwezi. Na mtu alipokimbia, ilikimbia naye. Mwaka 1996, vita ilipowasukuma watu wa Fizi kuvuka ziwa hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu, waliobahatika kuwa na redio waliivusha mtumbwini.

Wakati wa video

Picha ilipotufikia, ilifikia chumba cha watu wengi kwanza, kabla ya nyumba. Mnakumbuka vibanda vya video: mabati, mabenchi, jenereta inayolia nje, televisheni moja juu ya meza, na mtoto mlangoni anayekusanya franka. Filamu zilikuwa za Kihindi, za Kichina, za Kimarekani, na baadaye za Nijeria. Zile tulizozipenda kuliko zote ni zile zenye mtafsiri wa Kiswahili juu yake, kazi iliyojulikana sana Tanzania kupitia watu kama Lufufu wa Dar es Salaam. Bibi asiyejua Kiingereza wala Kifaransa alicheka pamoja na wajukuu.

Kibanda kilikuwa na kasoro zake: joto, moshi, watoto kutoroka shule, filamu zisizofaa kwa umri wao. Lakini gharama ya mashine, mafuta na kanda iligawanywa kwa watu hamsini. Hakuna aliyeibeba peke yake.

Dekoda na parabola

Baadaye ikaja dekoda. Parabola juu ya bati, waya hadi ndani, na kanali nyingi kwa mpigo mmoja. Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoishinda Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, watu walijazana popote palipokuwa na dekoda. Inter Milan ilitufunga 3-0 kwenye fainali, lakini tulikuwa tumeona kwa macho yetu timu ya Kongo ikicheza fainali ya dunia. Mwishoni mwa 2013 Azam TV ilianza Tanzania, na kwa watu wa kando ya ziwa wanaosema Kiswahili, televisheni ya lugha yetu ikawa kitu cha kutamanika.

Nguvu ya dekoda ni kwamba inapokea kutoka satelaiti. Haihitaji rezo ya simu, haihitaji barabara. Barabara ya taifa namba 5 inaweza kukatika kwa mvua au kwa bunduki, picha inaendelea kushuka. Kasoro yake ni abonema. Siku thelathini zikiisha, kisanduku kinabaki kipande cha chuma. Na mwezi wa vita, mwezi ambao tunahitaji habari kuliko wakati wowote, ndio mwezi ambao hakuna pesa ya kulipa.

Kisanduku cha intaneti

Huko ulaya na Marekani, kisanduku hiki hakikuanza jana. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa Apple TV, na mwaka 2008 ikaja Roku, iliyotengenezwa kwanza ili kuonyesha filamu za Netflix. Mwaka 2014 Amazon ikatoa Fire TV, na Google ikatoa Android TV. Januari 2016 Netflix ilifungua milango karibu Afrika nzima. Viwanda vya China navyo vilijaza masoko ya dunia na visanduku vya bei nafuu vyenye Android, na hivyo ndivyo vilivyofika kwetu, vikipitia Bujumbura, Uvira na Kigoma.

Wazo lake ni zuri. Kisanduku kinaingizwa kwenye televisheni kwa waya mmoja, kinashika Wi-Fi, na televisheni ya zamani inapata akili. Unachagua unachotaka, saa unayotaka. Unasimamisha filamu uende kuchota maji, ukirudi unaendelea. Watoto wanapata masomo, mama anapata ibada, kijana anapata mpira.

Tulipokileta nyumbani, ndipo hesabu ikaanza.

Netflix yenyewe inaeleza kwamba picha safi inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na picha ya kawaida karibu gigabaiti 1. Mechi moja, pamoja na mapumziko, ni kama saa mbili: mega zinazomtosha mtu kwenye simu kwa wiki nyingi zinaisha usiku mmoja. Na ili picha isisimame-simame, inatakiwa rezo yenye kasi isiyokatika. Sote tunaijua rezo ya Baraka jioni, wakati kila mtu yuko kwenye simu yake. Kule Fizi kati na milimani, ni afadhali nisiseme.

Umeme ndio hesabu ya pili. Nyumba zetu nyingi zinaishi kwa pano za jua na batri. Kisanduku chenyewe hakili sana, kama wati 10. Televisheni ndogo ya inchi 24 inaweza kula kama 30. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 50, ukitumia nusu tu ili usiiue, itakupa kama saa saba. Si mbaya. Lakini ukiongeza antena ya kawaida ya Starlink, ambayo inakula kati ya wati 75 na 100, saa saba zinakuwa chini ya tatu. Serikali, kupitia ARPTC, iliikataza Starlink Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Ruhusa ni jambo jema, lakini ruhusa haijazi batri.

Hesabu ya tatu haionekani kwa macho. Januari 2023, mtaalamu mmoja wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza kwamba kisanduku cha aina ya T95 alichokinunua kilikuwa na programu mbaya ndani tangu siku ya kwanza, kabla hajakigusa. Juni 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitoa onyo kuhusu mtandao wa namna hiyo unaoitwa BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ilisema umeingia katika vifaa zaidi ya milioni 10 duniani. Vingi ni visanduku vya bei nafuu visivyo na jina la kuaminika. Wahalifu wanaweza kutumia intaneti yako kupitishia kazi zao. Maana yake kwetu ni rahisi kuelewa: mega ulizonunua kwa jasho zinaliwa na mtu usiyemjua, nawe unalaumu rezo.

Kisanduku changu kilifanya kazi vizuri msimu mmoja. Muuzaji alikuwa ameweka ndani yake kanali za mpira "za bure". Siku moja zote zikazimika kwa pamoja, kwa sababu hazikuwa na haki ya kurusha mechi hizo. Kisha programu nyingine zikakataa kufunguka, zikidai toleo jipya ambalo kisanduku hakiwezi kulipokea. Hakikuvunjika. Kilizeeka tu, bila mtu kukigusa.

Hata hivyo hakikufa kabisa. Kina tundu la flash. Vijana wa duka la simu wanajaza filamu, mahubiri na masomo kwenye flash kwa franka chache, nawe unaichomeka nyuma ya kisanduku. Hakuna mega, hakuna abonema. Ukizunguka Baraka leo utaona visanduku vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya intaneti vikiishi kwa flash. Kazi kilichotengenezewa kimeishindwa kwetu, na kazi ya pembeni ndiyo iliyokiokoa.

Usiku wa Abidjan

Tusiisahau tarehe 7 Februari 2024. Leopards walikuwa wakicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire kule Abidjan. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bastola. Walikuwa wakiiambia dunia juu ya mauaji ya mashariki, na ukimya unaoyafunika. Tulifungwa 1-0. Lakini wengi wetu tulilia kabla mpira haujaanza.

Usiku ule picha ilifanya kazi ambayo redio isingeweza. Ishara ya mkono haisikiki. Hii ndiyo nguvu ya televisheni, na sitaki mtu aseme nimeitukana. Lakini fikirini pia jambo hili: tuliona mateso yetu kwa sababu kamera ya Abidjan iliwatazama wachezaji kwa dakika chache. Tangu kale, waya wa picha unashikwa na mkono wa mbali. Hakuna kisanduku hata kimoja, cha abonema au cha mega, kilichowahi kuniambia kama njia ya Mboko iko salama asubuhi hii, au chakula cha wahami kinagawiwa wapi. Hayo mnayapata kwa redio ya hapa, na kwa mdomo wa jirani.

Neno kwa anayetaka kununua au kuuza

Kama unanunua, kiulizie mambo manne. Je, kina tundu la flash linalofanya kazi? Je, kinaweza kula umeme wa batri moja kwa moja, bila kupita kwenye konvertisa? Je, kina jina la kampuni inayojulikana, au ni boksi tupu lenye maandishi ya kubandika? Na "kanali za bure", nani anazirusha, na zikizimika utamdai nani? Usiweke ndani yake nambari ya siri ya simu ya pesa wala ya barua zako.

Tangu Bukavu iingie mikononi mwa M23 Februari 2025, familia nyingi zimeshuka kuelekea huku, na vitu vya nyumbani vinauzwa sokoni kwa haraka. Ndugu wa Baraka, anayeuza kwa njaa hana nguvu ya kubishana bei. Mpe ambayo ungetaka kupewa wewe.

Nilimwambia mama yote haya kwa kifupi. Nikamwambia pia kwamba akipata jirani mwenye televisheni na pano, watoto wake wanaweza kutazama kwa flash, kwa hiyo asikitupe. Alifikiri kidogo, akacheka. "Papa," akasema, "hiki ni kitu cha mtu mwenye nyumba. Mimi sasa nina njia tu."

Juzi nilipita tena karibu na soko. Alikuwa amekiuza, kwa bei si mbaya. Ameketi na wanawake wenzake chini ya mti, na katikati yao redio ndogo yenye kipano cha jua mgongoni, wakisubiri habari za saa sita.