Kabati la zana lenye magurudumu: Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

UAMUZI wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni kuanzia mwaka 2016 ndipo wizara na watumishi walipoanza kuhama kwa wingi. Pamoja na vitanda na majokofu, baadhi ya familia zilibeba pia spana, jeki, drili na mashine ndogo za kuchomelea, vitu ambavyo huko Dar es Salaam vilikuwa vikikaa chini ya ngazi au nyuma ya jiko.

Katika viwanja vya Iyumbu, Ilazo, Nzuguni na Kisasa, wengi wamepata nafasi ya kujenga banda la gari lenye ukuta na mlango. Neno gereji, kwa Mtanzania wa kawaida, bado humaanisha mahali pa fundi, penye magari yaliyofunguliwa injini na vijana waliovaa ovaroli. Hata hivyo, banda la nyumbani nalo limeanza kufanya sehemu ya kazi hiyo: kubadili oili, kufungua tairi, kukaza nati ya pikipiki, kutengeneza pampu ya maji. Hapo ndipo linapokuja swali la mahali pa kuweka zana.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ni tranka. Sanduku lile lile la bati alilokwenda nalo mtoto shule ya bweni, likirudi nyumbani, hugeuzwa ghala la nyundo, tupa, tindo na misumari iliyopinda. Tranka ni imara na bei yake si kubwa, lakini lina kasoro moja ambayo kila mwenye nalo anaijua: kinachohitajika daima kiko chini. Mtu hulazimika kumwaga vyote sakafuni ili apate spana moja ya namba 13, na akimaliza hurudisha vyote isipokuwa ile aliyoitumia.

Kabati la zana lenye magurudumu hutatua tatizo hilo kwa droo nyingi fupi zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya fremu ya chuma, likasimama juu ya magurudumu manne na kusukumwa hadi palipo na kazi. Madukani yapo ya ukubwa mbalimbali. Dogo la kawaida lina upana wa sentimita 66 hadi 70, la kati hufikia sentimita 105 hivi, na makubwa hupita sentimita 130. Kwa banda la gari moja, lile dogo hutosha watu wengi, kwa kuwa likiwa kubwa zaidi hula nafasi ya kufungulia mlango wa gari.

Kabla ya kwenda dukani ni vyema zana zote zilizopo zikatandazwa juu ya turubai na kugawanywa kwa makundi: spana za ringi na za mdomo, boksi spana, bisibisi na plaizi, vifaa vya umeme, kisha vile vizito kama drili, nyundo kubwa na minyororo. Zoezi hilo la nusu saa huonyesha mambo mawili. Kwanza, idadi ya droo fupi zinazohitajika, ambazo karibu kila mara ni nyingi kuliko mtu alivyodhani, kwa kuwa spana zikilazwa safu moja hazihitaji kina cha zaidi ya sentimita 5 au 7. Pili, iwapo kabati linahitajika kweli. Mwenye boksi spana moja na bisibisi sita hana sababu ya kununua chuma cha kilo 50. Sanduku la kubeba mkononi linamtosha.

Anayeamua kununua aanze kwa kutazama bati. Unene wake hutajwa kwa geji, na wengi hukosea hapa kwa sababu namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba. Geji 18 ni takriban milimita 1.2, geji 20 ni milimita 0.9, na geji 22 ni milimita 0.76 hivi. Kwa matumizi ya nyumbani geji 20 inafaa. Fremu ikiwa ya geji 18 ni bora zaidi. Muuzaji asipojua geji, kuna njia ya kienyeji: kabati likishikwa pembe mbili zinazokabiliana na kusukumwa kwa nguvu kidogo, lisijikunje wala kutoa mlio. Likijikunja likiwa tupu, likijazwa litapinda na droo zitaanza kung'ang'ania.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote ni reli za droo. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni bati linaloteleza juu ya bati; ni rahisi, na kwa mzigo mwepesi haina ubaya. Ya pili huteleza juu ya gololi za chuma, na droo hutoka hadi mwisho kwa kidole kimoja hata ikiwa na mzigo. Makabati mengi ya aina hii huandikwa kuwa kila droo hubeba kilo 45. Mnunuzi asiridhike na maandishi; aivute droo hadi mwisho, aikandamize mbele kwa kiganja na kuona kama inashuka.

Hata hivyo, kwa Dodoma reli za gololi zina adui wake, naye ni vumbi. Jiji hili liko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu na yenye upepo. Vumbi jekundu huingia chini ya mlango, likapita kwenye nafasi ya kidole na kutulia mahali penye mafuta.

Wanaokumbuka historia ya Kongwa, mashariki mwa jiji, hawatashangaa. Mradi wa karanga ulioendeshwa huko na Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1947 ulikuwa na matrekta na mashine nyingi, baadhi zikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kazi, lakini ardhi ile, yenye mchanga mkali na udongo unaokauka ukawa kama saruji, ilitafuna majembe ya chuma kwa kasi ambayo waandaaji hawakuitarajia. Mradi uliachwa mwaka 1951 kwa sababu nyingi, ukosefu wa mvua ukiwamo. Chembe za namna hiyo zikichanganyika na grisi kwenye reli ya droo hufanya kazi ya msasa.

Kwa hiyo ushauri unaotolewa katika vitabu vya nchi za baridi, wa kupaka grisi ya kutosha kila baada ya miezi michache, haufai kufuatwa hapa bila kupimwa. Kilicho bora ni kufuta reli kwa kitambaa kikavu, kisha kutumia kilainishi kikavu kama unga wa grafaiti au silikoni ya kupuliza inayokauka, na kwa kiasi kidogo tu. Aidha, kabati ambalo nyuso za droo zake hufunika ukingo wa fremu huzuia vumbi kuliko lile ambalo droo zake huzama ndani na kuacha uwazi pande zote.

Kinyume chake, kutu si tishio kubwa Dodoma kama ilivyo pwani. Anayehama na kabati lake kutoka Dar es Salaam au Tanga alipindue kwanza na kutazama chini, kwenye maungio na mahali magurudumu yalipofungwa, kwani chumvi ya hewa ya bahari huanza kula pale pasipoonekana. Hata Dodoma, wakati wa masika, bati la paa lisilo na dari hutoa jasho usiku na matone huangukia juu ya kabati. Mfuniko wa turubai unatosha.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Tuseme kabati lina droo saba, kila moja ikibeba kilo 45; mzigo ni kilo 315. Likiwa lenyewe lina kilo 60, jumla ni kilo 375. Wengi hugawanya kwa nne, wakaona gurudumu la kilo 94 linatosha. Lakini sakafu ya saruji mara nyingi haiko sawa, na gurudumu moja likining'inia hewani yale matatu hubeba vyote. Hivyo hesabu salama ni kugawanya kwa tatu: kila gurudumu liweze kubeba kilo 125. Kipenyo cha milimita 125 kinafaa. Dogo kuliko hilo hukwama kwenye ufa au kizingiti, na kabati lenye mzigo likikwama ghafla huanguka upande linakosukumiwa.

Kwa kawaida magurudumu mawili huwa yamekazwa yakitazama mbele na mawili huzunguka, na haya ya kuzunguka yawe na breki. Mpini wa kusukumia uwe upande wa magurudumu yanayozunguka, la sivyo kuligeuza kabati katika banda dogo ni adha. Ikumbukwe pia kwamba magurudumu haya yametengenezwa kwa sakafu ngumu. Nyumba ambayo uwanja wake bado ni wa kifusi au mchanga haitalitoa kabati nje ya banda, na hapo mnunuzi ajiulize analipia magurudumu ya nini.

Jambo la hatari, na ambalo hutajwa mara chache dukani, ni kupinduka. Droo tatu nzito zikifunguliwa kwa pamoja huhamisha uzito wote mbele ya magurudumu. Mtoto anayevuta droo moja baada ya nyingine kama ngazi anaweza kujiangushia chuma chenye uzito unaozidi wa watu wazima wawili. Baadhi ya makabati yana mtambo unaoruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati. Penye watoto, sifa hiyo ina thamani kuliko rangi au kibandiko cha chapa. Pasipo na mtambo huo, vizito vyote vikae droo za chini, breki zifungwe na kufuli litumike hata mchana.

Kufuli lenyewe lisitegemewe kupita kiasi. Ufunguo mmoja hufunga droo zote, lakini ulimi wake ni mwembamba na bisibisi kubwa huushinda. Zaidi ya hapo, kitu chenye magurudumu humrahisishia mwizi kazi: hana haja ya kukivunja, hukisukuma hadi kwenye bajaji ya mizigo. Mnyororo uliofungwa kwenye boliti ya ukutani, nyuma ya kabati, hugharimu kidogo na huzuia mengi. Picha za kila droo ikiwa imejaa, zikihifadhiwa mbali na simu ya kila siku, husaidia polisi na pia humsaidia mwenye mali kukumbuka jirani yupi aliazima nini.

Makabati yanayoagizwa kutoka Marekani huja wakati mwingine na soketi za umeme pembeni. Soketi hizo ni za volti 120 na plagi zake si za pembe tatu zinazotumika Tanzania, ambako umeme ni wa volti 230. Zisiunganishwe kwa adapta. Fundi umeme azitoe na kuweka za hapa. Betri za drili za lithiamu nazo zisilale kwenye droo ya juu chini ya bati lisilo na dari, kwani joto la mchana hufupisha maisha yake.

Masanduku ya plastiki yenye magurudumu mawili, yanayovutwa kama begi la safari, ni mepesi na yanamfaa fundi anayekwenda kwa wateja. Yakiachwa juani hupauka na kupasuka pembeni baada ya misimu michache.

Ipo njia nyingine ambayo wakazi wa jiji wasiidharau, nayo ni kumpa kazi mchomeleaji wa mtaani. Anayetengeneza mageti na madirisha anaweza kuunda fremu ya chuma cha pembe cha milimita 25 na kuifunika kwa bati la geji 18, ambalo ni nene kuliko la makabati mengi ya bei nafuu. Reli za gololi anazotumia seremala kwa makabati ya jikoni hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na droo nzito inaweza kuwekewa jozi mbili. Faida kubwa ni vipimo: kabati hutengenezwa kulingana na banda na urefu wa mtumiaji, juu yake pakafika usawa wa kiuno ili pawe meza ya kazi.

Udhaifu wa kazi hizi kwa kawaida si kuchomelea bali ni usawa. Fremu ikipinda milimita 3 tu, droo haitaingia. Mteja aombe ipimwe kutoka pembe hadi pembe kabla bati halijafungwa, na vipimo viwili vya mshazari vilingane. Kingo za droo zikunjwe, zisiachwe wembe. Rangi ya kuzuia kutu itangulie, nayo ipakwe baada ya chuma kusuguliwa hadi kung'aa, kwani rangi inayopakwa juu ya uchafu wa kiwandani hubanduka kwa maganda.

Kabati likishafika nyumbani, droo zitandikwe mpira mwembamba ili zana zisigongane, na ufunguo wa akiba utolewe siku hiyo hiyo. Namba iliyochongwa juu ya ufunguo iandikwe mahali pengine, kwa kuwa kwa makufuli mengi ndiyo itakayomwezesha muuzaji kuagiza mwingine. Wengi huuweka ufunguo wa akiba katika droo ya juu, kisha wakalifunga kabati.